Gauni la Mwanasesere: Macho, Mikono na Afya ya Mfumaji wa Kroshia

Mgeni anayekaribishwa katika nyumba ya Mtanzania huikuta kazi ya kroshia kabla hata hajaketi. Ipo kwenye migongo ya makochi, juu ya meza, juu ya redio na runinga, na mara nyingi ipo pia kichwani na miguuni mwa mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni. Kazi hiyo imezoeleka kiasi kwamba ni wachache wanaoiuliza swali lolote la kitabibu. Miongoni mwa kazi hizo kuna moja iliyo ndogo kuliko zote, nayo hudai mengi kutoka kwa mfumaji: nguo za wanasesere. Gauni lenye upana wa kiganja, kofia inayoenea kwenye yai, soksi isiyozidi kidole gumba. Hizo ni kazi za mapenzi, hufumwa jioni kwa ajili ya mtoto wa nyumbani, mjukuu au jirani.

Makala haya yanaitazama kazi hiyo kutokea Zuzu, kata iliyo magharibi mwa Jiji la Dodoma. Jina la Zuzu husikika nchini hasa kwa sababu ya kituo kikubwa cha kupozea umeme wa gridi ya Taifa. Kwa mkulima wa nyanda hizi, hata hivyo, mwaka hupimwa kwa mvua: msimu mmoja tu unaoanza takriban Desemba na kukoma Aprili, kisha kiangazi kirefu baada ya uwele, mtama na alizeti kuvunwa. Jembe linapopumzika, mikono hutafuta kazi nyingine. Kroshia hufaa kipindi hicho kwa kuwa haihitaji mashine wala karakana. Huhitaji uzi, sindano moja yenye kulabu nchani, na vitu viwili ambavyo watu huvihesabu kuwa vya bure mpaka siku vinapopungua: macho yanayoona karibu na vidole visivyouma.

Tutayaangalia mambo hayo mawili kwa kina, kisha tutagusa nafasi ya ufumaji katika utulivu wa akili, na mwisho tutamgeukia mtoto atakayekabidhiwa mwanasesere aliyevikwa.

Kazi ndogo yenye hesabu kubwa

Katika kroshia, mfumaji hufanya kazi kwa sindano moja. Kulabu huuvuta uzi kupitia kitanzi, kitanzi kipya hufungwa, na kingine huanza. Kwa kuwa kila kitanzi hufungwa kabla ya kinachofuata, kazi inaweza kuwekwa chini wakati wowote, mtoto akilia au chungu kikifurika, bila kufumuka yote. Hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya ipendwe na watu ambao muda wao hukatwa vipande vipande na shughuli za nyumbani.

Tuchukue mwanasesere wa sentimita 30, yaani urefu wa rula ya shule. Ili gauni lake lisiwe gumu kama kikapu, mfumaji hutumia uzi mwembamba na sindano yenye unene wa milimita 2 hadi 2.5. Tuseme gauni lina mishono 50 kwa kila mzunguko na mizunguko 30 tangu shingoni hadi kwenye pindo. Hiyo ni mishono 1,500, na kila mshono hudai kifundo cha mkono kizunguke si chini ya mara mbili. Gauni moja basi ni mizunguko 3,000 ya kifundo, na kwa kila mshono jicho limelazimika kukitafuta kitundu kisichozidi milimita chache. Kosa linalofichika kwenye kitambaa cha meza halifichiki kwenye kwapa la mwanasesere. Ndiyo maana kazi hii hufichua upungufu wa macho na maumivu ya mikono mapema kuliko kazi nyingine nyingi za nyumbani.

Mwanasesere alikuwapo kabla ya uzi wa dukani

Isidhaniwe kwamba mwanasesere aliletwa na meli. Katika sehemu nyingi za nchi yetu watoto wamewahi kulifunga gunzi la mhindi kwa kitambaa na kuliita mwana, na watoto wa wafugaji wamefinyanga ng'ombe na watu kwa udongo. Miongoni mwa Wazaramo na Wakwere wa ukanda wa pwani kulikuwa na mwana hiti, sanamu ndogo ya mti aliyopewa mwali wakati wa kuwekwa ndani. Mwali aliiogesha, aliipaka mafuta na kuitunza nywele, na kwa njia hiyo alijifunza malezi kabla ya kuwa mzazi. Leo sanamu hizo zimo katika makumbusho ya ndani na nje ya nchi, lakini mantiki yake ingali hai: anayetunza kitu kidogo hujizoeza kumtunza mtu.

Kulabu na uzi wa dukani vilikuja baadaye. Katika nyanda za kati, wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na katika enzi ya misheni mafunzo ya wasichana yalikwenda pamoja na kushona, kudarizi na kufuma. Kilichoanza kama somo la darasani kilitoka shuleni kikaingia barazani, kikapokelewa na mama ambao hawakuwahi kukaa kwenye dawati. Mafunzo hayo hayakuandikwa vitabuni. Yalipitishwa kwa kuketi kando ya anayejua na kumtazama mikono. Jambo hilo lina uzito wa kiafya, kama tutakavyoona, kwa sababu mwalimu wa namna hiyo akishindwa kuona, somo lote husimama.

Jicho linapokataa kuona karibu

Mchukulie, kwa mfano tu, mama wa Zuzu mwenye umri wa miaka 46 ambaye amefuma tangu utotoni. Mwaka huu ameanza kuisogeza kazi mbali na uso ili aione. Uzi mweusi ameuacha kabisa. Jioni kichwa humuuma, na mishono hukosewa. Majirani humwambia kuwa ni uzee, naye hukubali, huiweka sindano ndani ya kopo na kumwambia binti yake kwamba kazi hiyo imemshinda. Hakuna aliyefikiria kituo cha afya, kwa kuwa haoni maumivu makali, na vitu vya mbali, kama vile basi linalokuja au mtu anayepita njiani, anaviona vizuri.

Mama huyo ana hali iitwayo presbiopia, yaani upungufu wa kuona karibu unaoletwa na umri. Ndani ya jicho kuna lenzi iliyo laini. Tunapotazama kitu cha karibu, msuli mdogo ulioizunguka hujikaza, lenzi hutuna, na taswira huangukia mahali pake. Kadiri miaka inavyopita lenzi hukakamaa, na msuli hata ukijikaza vipi, lenzi haitii. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuona vizuri kitu kilicho sentimita 7 au 8 kutoka jichoni. Mtu anapofika miaka 50, umbali huo huwa umepita sentimita 40, na mfumaji wa nguo za wanasesere hufanya kazi ndani ya umbali huo hasa. Hali hii humpata kila binadamu, kwa kawaida kuanzia miaka ya arobaini. Haisababishwi na kufuma, kusoma wala moshi wa jikoni, na kuacha kufuma hakuizuii.

Mkoa wa Dodoma una nafasi ya pekee katika elimu ya jambo hili. Wilayani Kongwa, watafiti walichunguza watu wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, na mwaka 2006 walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa takriban 62% walikuwa na presbiopia, na kwamba wanawake walikuwa katika uwezekano mkubwa zaidi kuliko wanaume. Kabla ya hapo wengi walidhani tatizo hilo ni la wasomaji wa magazeti na makarani wa ofisini. Watafiti wa Kongwa walionyesha kuwa mwanakijiji asiyesoma kitabu naye huumia: hupata shida katika kuchambua nafaka, kupalilia, kushona, kurekebisha taa na hata kuwavika watoto nguo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu uoni, lilikadiria kuwa watu milioni 826 duniani wanaishi na upungufu huu bila kupata miwani inayostahili.

Tiba yake ni rahisi mno: miwani ya kuonea karibu. Nguvu ya miwani hiyo hupimwa kwa dayopta. Wengi huanza na +1.00 au +1.50 katika miaka ya arobaini, na hufika +2.50 au +3.00 kuelekea miaka ya sitini. Thamani yake haikomei kwenye starehe. Utafiti uliofanyika vijijini Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2024 uliwahusisha watu 824 wenye umri kati ya miaka 35 na 65, wengi wao wakifanya kazi za mikono. Nusu yao walipewa miwani mara moja, na wengine walisubiri. Baada ya miezi minane, wastani wa kipato cha waliopewa miwani ulikuwa umezidi kile cha waliosubiri kwa takriban theluthi moja. Mfumaji wa Zuzu anayeuza kazi zake anaweza kujipimia mwenyewe maana ya tofauti hiyo katika mwaka wa mavuno hafifu.

Yapo ya kuzingatia kabla ya kununua miwani. Kwanza, apimwe macho, hasa akiwa mara ya kwanza. Umri huo unaoleta presbiopia ndio pia unaoleta shinikizo la jicho na mtoto wa jicho, na shinikizo la jicho huiba uoni polepole bila maumivu. Mwenye kisukari au shinikizo la damu ana sababu ya ziada ya kuchunguzwa sehemu ya nyuma ya jicho. Pili, jicho jekundu lenye maumivu, kupungua ghafla kwa uoni, kuona radi au pazia jeusi ni dharura. Hayo hayangoji siku ya soko. Tatu, jicho lisitiwe majimaji ya mimea wala dawa ya jirani, kwani vidonda vya kioo cha jicho vinavyotokana na dawa hizo vimewapofusha watu ambao tatizo lao la awali lilikuwa dogo. Kwa wakazi wa Dodoma, huduma za macho zinapatikana katika hospitali kubwa za jijini, na Hospitali ya Mvumi wilayani Chamwino inafahamika kwa miaka mingi kwa huduma hizo.

Mwanga nao ni sehemu ya tiba. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea mwanga mchache kuliko la kijana, hivyo taa iliyomtosha binti haimtoshi mama yake. Wakati bora wa kufuma ni mchana, penye kivuli chenye mwanga, mgongo ukiuelekea upande jua linakotoka ili nuru iangukie kazi na si uso. Usiku, taa iwe karibu na upande wa mkono usioshika sindano ili kivuli cha mkono kisifunike mshono. Nyuzi nyeusi na za buluu iliyokolea ziachiwe saa za mchana. Na kitambaa cheupe kikitandikwa mapajani, vitundu vya uzi mweusi huonekana kwa urahisi zaidi. Kila baada ya dakika 20, macho yainuliwe yatazame mbali, kwenye mbuyu au kilima, kwa muda wa pumzi chache. Msuli wa jicho hupumzika kama msuli wa mguu.

Ganzi ya usiku na kidole kinachokwama

Maungo mengine yanayodaiwa ni mkono, shingo na mgongo. Mfumaji huishika sindano nyembamba kwa gumba na kidole cha shahada, na kadiri sindano inavyokuwa nyembamba, ndivyo anavyoibana kwa nguvu zaidi. Mkono mwingine huukaza uzi bila kupumzika. Kazi hiyo ikirudiwa maelfu ya mara, nyuzi za misuli na ala zake huvimba.

Tatizo linalostahili kujulikana zaidi ni la mshipa wa fahamu unaopita kwenye njia nyembamba ya kifundo cha mkono. Njia hiyo ikivimba, mshipa hubanwa. Dalili zake zina ramani maalumu: ganzi na kuwashwa kama sindano kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, huku kidole kidogo kikisalimika. Huzidi usiku, na mgonjwa huamka akiukung'uta mkono. Wajawazito, wenye kisukari, na wale ambao tezi ya shingo haifanyi kazi ipasavyo hupatwa zaidi. Kwa sababu hiyo ganzi ya mikono isipuuzwe na kuitwa uchovu wa kufuma. Inaweza kuwa ndiyo kengele ya kwanza ya kisukari ambacho hakijapimwa. Matatizo mengine ni maumivu ya upande wa gumba kwenye kifundo, na kidole kinachokwama kikiwa kimekunjwa kisha kufyatuka kwa mlio.

Mengi ya hayo yanazuilika bila gharama. Mpini wa sindano unenepeshwe kwa kuuzungushia kitambaa au mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ili vidole visilazimike kubana. Uzi usikazwe, mishono iliyolegea kidogo hufanya gauni liangukie vizuri mwilini mwa mwanasesere, na huupunguzia mkono mzigo. Kila baada ya nusu saa kazi iwekwe chini, vidole vikunjuliwe, viganja vishikamanishwe na viwiko viinuliwe taratibu. Badala ya kuinama juu ya kazi, kazi ipandishwe ielekee machoni, kwa mto au kanga iliyokunjwa mapajani. Anayependa kukaa mkekani aegemee ukuta. Mtu ambaye ganzi humwamsha usiku kwa wiki kadhaa, au ambaye vikombe vimeanza kumponyoka mkononi, aende akapimwe. Kifaa cha kuzuia kifundo kisikunjwe wakati wa kulala huwasaidia wengi mapema, na kuchelewa mno kunaweza kuacha msuli wa gumba umesinyaa.

Utulivu unaohesabika kwa mishono

Wafumaji wengi husema kuwa sindano huwatuliza. Je, dai hilo lina ushahidi? Mwaka 2013 jarida la Uingereza la tiba kazi lilichapisha utafiti wa wafumaji wa sindano mbili zaidi ya 3,500 kutoka nchi mbalimbali. Waliofuma mara nyingi zaidi walieleza kuwa na utulivu na furaha zaidi. Baadaye watafiti wa Australia waliwahoji wafumaji wa kroshia zaidi ya 8,000, na takriban tisa kati ya kila kumi walisema kuwa kazi hiyo huwafanya watulie.

Takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu. Waliojibu ni watu wanaoipenda kroshia tayari, hivyo hazithibitishi kwamba sindano humponya asiyeipenda. Hata hivyo, zinakubaliana na yale tunayoyafahamu kuhusu mwendo unaorudiwa, pumzi inayofuata mwendo huo, na faida ya kukamilisha jambo dogo linaloonekana kwa macho. Mtu aliyeelemewa na mawazo anaweza kushindwa kuipanga kesho, lakini mzunguko mmoja wa mishono 50 unahesabika.

Mfano ulio karibu nasi zaidi unatoka Zimbabwe. Huko, mpango uitwao Friendship Bench ulianza mwaka 2006 kwa kuwafundisha kina bibi wa jamii kuwasikiliza watu wenye sonona na wasiwasi, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lililohusisha watu 573 katika zahanati 24 za Harare, lilionyesha kuwa waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache sana za sonona baada ya miezi sita wakilinganishwa na waliopata huduma ya kawaida. Baada ya mazungumzo na bibi, washiriki hualikwa kwenye kikundi, na humo hufuma mikoba kwa kroshia huku wakizungumza shida zao. Mpango huo umefika pia Zanzibar. Kilichopimwa kwenye jaribio ni mazungumzo, wala si mikoba; lakini waliobuni mpango walielewa jambo ambalo kila baraza la wanawake hulijua, kwamba ni rahisi kusema jambo zito macho yakiwa yameelekea mikononi.

Ufumaji basi ni rafiki wa tiba, lakini haushiki nafasi ya tiba. Huzuni isiyopungua kwa wiki mbili au zaidi, kukosa usingizi na hamu ya chakula, kuacha kufurahia hata sindano iliyokuwa ikipendwa, au fikra za kujidhuru ni dalili za ugonjwa unaotibika. Dodoma ina Hospitali ya Mirembe, hospitali ya Taifa ya afya ya akili, ambayo jina lake hugeuzwa dhihaka mitaani. Dhihaka hiyo imewachelewesha wagonjwa wengi, na haina nafasi kinywani mwa mtu anayejali afya ya jirani yake.

Tuongeze angalizo moja. Burudani ikigeuka biashara, huja na tarehe za wateja. Anayefuma hadi saa saba za usiku ili awahi oda hapumziki tena, na mwili wake utamdai. Apange idadi ya nguo anazoziweza kwa wiki, na bei yake ihesabu saa za kazi pamoja na uzi.

Mtoto anapomvika mwana wake

Sasa tumgeukie mpokeaji. Mtoto anayemvua na kumvika mwanasesere anafanya mazoezi ambayo hakuna anayemlazimisha. Vidole hujifunza kusukuma mkono kwenye mkono wa gauni, kufunga utepe, na kutofautisha mbele na nyuma. Ni mazoezi yaleyale yatakayomwezesha kushika penseli na kufunga vifungo vya sare ya shule. Huku akicheza, huzungumza: mwana ana njaa, mwana analia, mwana anapelekwa kliniki. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walipima shughuli za ubongo wa watoto wa miaka 4 hadi 8 wakicheza na wanasesere, wakaona kuwa sehemu ya ubongo inayohusika na kuwaelewa watu wengine ilifanya kazi hata mtoto alipocheza peke yake. Utafiti huo uligharimiwa na kampuni inayotengeneza wanasesere, na watoto walikuwa wachache. Tuupokee kama dokezo.

Serikali ya Tanzania ilizindua mwezi Desemba 2021, hapa Dodoma, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Miongoni mwa nguzo za malezi hayo ni uchangamshi na ujifunzaji wa awali. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF kwa wahudumu wa afya huhimiza vifaa vya kuchezea vilivyotengenezwa nyumbani, mwanasesere mwenye sura akiwamo. Mama asiye na uwezo wa kununua mwanasesere wa plastiki hajapungukiwa na chochote. Gunzi, soksi kuukuu au kitambaa kilichojazwa pamba, pamoja na gauni la kroshia, vinatosha. Na watoto wa kiume wasikatazwe. Mvulana anayembeleza mwanasesere leo anajifunza ubaba.

Rangi ya mwanasesere nayo ina maana. Katika miaka ya 1940, wanasaikolojia wa Marekani Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Ushahidi wao ulitajwa katika uamuzi wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 1954 uliobatilisha ubaguzi katika shule za umma. Mfumaji wa Zuzu ana uwezo ambao kiwanda cha mbali hakina: anaweza kuchagua uzi wa rangi ya ngozi ya mtoto anayemfahamu, nywele za kusuka anazozijua, na gauni linalofanana na kitenge cha mama yake.

Usalama kabla ya urembo

Mtoto wa chini ya miaka mitatu huujua ulimwengu kwa mdomo. Kwa hiyo nguo na mwanasesere anayepewa mtoto wa umri huo visiwe na vifungo, shanga wala macho ya plastiki. Sura itariziwe kwa uzi. Viwango vya kimataifa hutumia kipimo chenye kipenyo cha takriban sentimita 3.2 kupima hatari: kitu chochote kinachoingia kikamilifu ndani yake kinaweza kumpalia mtoto. Mwanasesere asijazwe punje za mahindi, maharage wala kokoto, kwa kuwa mshono ukifumuka punje huingia puani, masikioni au kwenye njia ya hewa. Utepe usiwe mrefu kiasi cha kuzunguka shingo, na mwanasesere asiachwe kitandani na mtoto mchanga aliyelala.

Hatari nyingine haifahamiki sana. Uzi mmoja uliolegea ndani ya soksi, kofia au nguo iliyofumwa unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mkono au mguu cha mtoto mchanga, hata kwenye uume, na kuzuia damu. Mtoto hulia bila kunyamazika, na mzazi hudhani ni tumbo. Mtoto mchanga anapolia hivyo, avuliwe nguo zote na kila kidole kikaguliwe. Kidole kilichovimba chenye mstari kama wa pete ni dharura; uzi ukatwe mara moja ikiwezekana na mtoto apelekwe kituo cha afya. Kwa mfumaji, kinga ni kuficha ncha zote za uzi, kuzifunga imara, na kuvipindua vitu nje ndani ili kuvikagua kabla ya kuvitoa.

Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Asipoweza kulia, kukohoa wala kupumua, ita msaada na uanze mara moja. Aliye chini ya mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, apigwe mapigo matano kati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja, kisha ageuzwe na kubonyezwa katikati ya kifua mara tano kwa vidole viwili. Aliyezidi mwaka mmoja apigwe mapigo matano mgongoni akiwa ameinama, kisha abanwe tumbo mara tano juu ya kitovu kwa kuvutia ndani na juu. Rudia kwa zamu hadi kitu kitoke. Akipoteza fahamu, alazwe chalali mahali pagumu, uanze kumhuisha kwa kubonyeza kifua na kumpulizia pumzi huku msaada ukitafutwa. Usiingize kidole koo la mtoto kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani.

Mwisho, vumbi la Dodoma halimwachi mtu wala mwanasesere. Nguo zake zifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani kila wiki, hasa pale mwanasesere mmoja anapochezewa na watoto wengi. Siku ya kumfulia mwana ni fursa njema ya kumfundisha mtoto kunawa uso wake pia, somo lenye thamani kubwa katika mkoa ambao umepambana kwa muda mrefu na trakoma.

Kwa mfumaji aliyeiweka sindano koponi kwa kudhani kuwa uzee umemshinda, ushauri wetu ni mmoja: kabla ya kumkabidhi mwingine kulabu, nenda ukapimwe macho. Huenda kinachokosekana ni miwani ya +1.50, na gauni lililobakia nusu bado linamsubiri mwenyewe.